Kwa Nini Maua ya Boga Hayafunikwi

Mwanahawa, ondoa mfuniko huo. Uweke pale juu ya mtungi, usiurudishe kwenye chungu. Najua kwenu mmezoea kufunika kila kinachochemka, na sikulaumu, umeolewa hapa juzijuzi tu. Lakini maua ya boga hapa kwetu hayafunikwi. Tembea Kwembago yote, kuanzia huku kileleni mpaka kule bondeni, hutamkuta mwanamke aliyefunika chungu cha maua. Kaa hapo. Na ninyi watoto sogeeni, endeleeni kumenya vikonyo huku mnasikiliza. Nitawaeleza ilivyokuwa, na asiyetaka kuamini atakula hivyo hivyo.

Kulikuwa na wakati ambapo mmea wa boga ulitoa maua ya aina moja tu. Kila ua lililochanua lilikuwa na tumbo dogo la kijani chini yake, na kila tumbo lilikuwa boga. Mmea mmoja ulibeba maboga mengi mno, na kwa kuwa ulikuwa na maji yale yale na udongo ule ule wa kuyagawia, yote yalidumaa. Boga la siku hizo lingeenea kwenye kiganja cha mtoto. Watu waliyaona mengi wakadhani hiyo ndiyo baraka. Hakuna aliyeuliza mmea wenyewe unaonaje.

Basi, kwa sababu kila ua lilikuwa boga, kuchuma ua kulikuwa kosa kubwa. Mtu akila ua walisema amekula mimba. Neno hilo lilikuwa zito hata wanawake wakigombana kisimani hawakuthubutu kutupiana. Bustani zilikuwa nyuma ya majiko, kama zetu, na kila asubuhi zilijaa njano tupu mpaka macho yanauma. Mama alipita katikati ya maua yale akiwa na mtoto mgongoni na njaa tumboni, asiguse hata moja.

Aliyeitawala nchi hii wakati huo aliitwa Zumbe Ngoda. Zumbe maana yake ni mtawala, na yeye alitawala mpaka bustani za nyuma ya majiko. Mvua za kwanza zikishanyesha na mimea ikianza kuchanua, alimtuma mnyapara wake, Shekiondo, na kifurushi cha kamba kavu za mgomba. Shekiondo aliingia bustani ya kila mtu bila kubisha hodi, akainama, akafunga kamba kwenye shingo ya ua. Ua lililofungwa lilikuwa boga la Zumbe tangu siku ile, hata kabla halijawa boga. Yakikomaa, watu waliyabeba wenyewe mpaka kwenye ghala lake, wakayakata vipande, wakayaanika juani, na wakarudi nyumbani na kamba mikononi. Kamba hizo nazo zilirudishwa kwa Shekiondo kwa ajili ya mwaka unaofuata. Bwana yule hakupoteza kitu.

Sasa, palikuwa na mwanamke aitwaye Mnkande. Mumewe alikwenda nyanda za chini kutafuta chumvi, asirudi, wala habari zake zisirudi. Alimwachia mtoto mmoja wa kike, Kidala, aliyekuwa ndiyo kwanza ameacha kunyonya. Bustani ya Mnkande ilikuwa ndogo, inaanzia mlangoni kwa jiko na kuishia kwenye ukingo wa njia, lakini aliilima vizuri na kuimwagia majivu kila jioni.

Mwaka huo ukaja na ile njaa mnayoijua wenyewe, njaa ya wakati wa kijani. Mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha, ya mwaka huu yamefika magotini. Kila unapotazama ni majani, na hakuna cha kutia chunguni. Kidala alianza kuvimba miguu. Nywele zake zikawa nyekundu na laini, na akawa mtulivu, ule utulivu wa mtoto ambao mama yeyote akiuona moyo unamlipuka. Mnkande akambeba mpaka kwa Zumbe, akapiga magoti, akaomba vipande vya boga kavu kutoka ghalani.

Zumbe hakuwa mtu wa kufoka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa upole, "Mama Kidala, maua yamechanua. Subiri yawe maboga, utakula kama wenzako."

Mnkande akarudi nyumbani. Njiani aliwaza neno hilo, subiri, na kadiri alivyoliwaza ndivyo lilivyozidi kumkera. Alipofika alimlaza mtoto kwenye mkeka, akatoka bustanini, akasimama. Ilikuwa asubuhi na maua yalikuwa wazi. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka, miguu yao imejaa unga wa njano. Dundu mmoja mweusi alikuwa amekaa ndani ya ua anatafuna bila wasiwasi wowote. Ua hilo lilikuwa na kamba ya Zumbe shingoni.

"Kumbe wewe huambiwi usubiri," Mnkande alimwambia yule dundu.

Akamtoa, akamweka kwenye jani. Kisha akachuma ua la pembeni yake, lisilo na kamba. Haikuwa rahisi, siwafichi, kwa sababu alikuwa amelelewa kama wengine wote na neno lile la kula mimba lilikuwa masikioni mwake. Alichuma la pili, na la tatu, akajaza upindo wa nguo. Alipomaliza aliinama mpaka uso wake ukakaribia majani, akauambia mmea, "Nimekuchukulia wanao kwa sababu ya mwanangu. Nionyeshe ninayoweza kula na unayotaka kuzaa, nami nitayaheshimu yako. Hao wengine sijui, lakini mimi nitayaheshimu."

Mmea haukujibu. Mimea haijibu kwa maneno, msinitazame hivyo.

Akaingia jikoni, akafunga mlango, akaziba na dirisha kwa ungo. Alikung'uta maua ili wadudu watoke, akamenya vikonyo vyenye manyoya kama mnavyomenya ninyi sasa, akakatakata na majani machanga, akatia chunguni na maji kidogo na chumvi ya majivu. Hakuwa na karanga wala mafuta. Akafunika chungu, na juu ya mfuniko akaweka kitambaa kilicholowa ili harufu isitoke. Moshi ulijaa jikoni mpaka wote wawili wakawa wanalia machozi. Chungu kilipofunuliwa, maua na majani vilikuwa vimegeuka rangi ya matope, na mchuzi ulikuwa mchungu kidogo. Lakini Kidala alikula. Alikula taratibu, akalamba vidole, kisha akauliza swali moja.

"Mama, tunamficha nani?"

Mnkande alitaka kumwambia tunamficha Shekiondo. Alitaka kusema tunamficha Zumbe na majirani. Lakini alipomtazama mtoto yule mwenye miguu iliyovimba, ameketi gizani anasugua macho kwa sababu ya moshi, jikoni kwa mama yake mwenyewe, anakula chakula cha bustani ya mama yake mwenyewe, alishikwa na aibu. Wala haikuwa aibu ya kula maua. Ilikuwa aibu ya kufunga mlango. Aibu hiyo ikakaa kidogo, ikageuka hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyotuletea mboga hii.

Kesho yake alitoka tena alfajiri, na hapo ndipo alipoona jambo. Katikati ya maua ya siku zote palikuwa na mengine ambayo hayakuwa na tumbo. Yalisimama juu ya vikonyo virefu, yamejiinua kuliko majani, na chini yake palikuwa patupu, kikonyo kitupu mpaka kwenye shina. Yale yenye tumbo yalikuwa yamejishusha, yamekaa karibu na ardhi, kwenye kivuli. Mnkande akaelewa. Mmea ulikuwa umechoka kubeba vijiboga visivyokua, na ulikuwa umengoja mtu wa kuuliza. Akachuma yale marefu, akaacha machache kwa ajili ya nyuki, na yale ya chini hakuyagusa.

Safari hii hakufunga mlango. Alitoa mafiga nje, akayapanga mbele ya kizingiti, akawasha moto. Mfuniko aliutupa bustanini. Maji yalipochemka, maua yakabaki na njano yake na majani yakabaki na kijani chake, na uchungu wote ukaondoka na mvuke. Harufu ikashika njia. Watu waliokuwa wakipita kwenda mashambani walipunguza mwendo. Wengine waligeuza nyuso kama wameona mtu uchi. Lakini hakuna aliyeziba pua, na hilo Mnkande aliliona.

Habari za namna hiyo hazikai. Kabla jua halijafika utosini Shekiondo alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama Kidala," alisema, "unapika nini?"

"Si unakiona? Chungu kiko wazi."

"Maua yale yana kamba za Zumbe."

"Yenye kamba yapo. Kayaangalie."

Shekiondo akaenda kuyaangalia, na kweli yalikuwepo, yenye tumbo, yamelala kivulini na kamba zake. Kisha akaona yale marefu na akachanganyikiwa, kwa kuwa hakuwahi kuona ua la boga lisilo na boga. Akatoa kamba akalifunga moja shingoni, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoijua. Jua lilipopanda, ua lilijikunja likalala, kamba ikateleza ikaanguka chini. Alisimama pale akiitazama kamba. Mwishowe akaona jambo hili limemzidi, akampeleka Mnkande kwa Zumbe, yeye na mtoto na chungu chake.

Watu walikusanyika uani kwa Zumbe. Mnkande alikiweka chungu mbele yake kikiwa bado na mvuke, na Kidala akakaa pembeni, akiendelea kula kwa mkono. Zumbe alitazama ndani ya chungu kwa muda mrefu. Nafikiri alitamani, ingawa waliotusimulia hawakusema hivyo. Kisha akawaambia watu warudi nyuma kidogo, akainama, akasema na Mnkande kwa sauti ya chini.

"Mimi si mtu mbaya," alisema. "Mtoto wako ameanza kupata nguvu, nafurahi. Nitakupa na vipande kutoka ghalani, vya kukutosha mpaka mavuno. Pika maua yako. Ila pika ndani, ufunike chungu, na mtu akikuuliza unapika nini useme ni majani. Wenzako wasijue. Wakijua, kila mtu atachuma, na ghala litajazwa na nini?"

Fikirini, wajukuu zangu. Mwanamke yule alikuwa na mtoto mgonjwa. Alipewa ghala, akapewa na maua, na alichotakiwa kutoa ni mfuniko tu. Mimi mwenyewe nimejiuliza mara nyingi ningejibu nini, na sina hakika.

Mnkande alinyanyuka. Hakusema kwa sauti ya chini kama alivyosemeshwa. Alisema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde.

"Anayefunika ni aliyeiba. Mimi sikuiba. Bustani nimeilima mimi, majivu nimeyamwaga mimi, na mmea wenyewe umenitolea. Sitafunika, Zumbe. Leo sitafunika na kesho sitafunika. Ghala lako kaa nalo."

Akamtia mtoto mgongoni, akainua chungu chake, akaondoka. Hakungoja kupewa ruhusa.

Zumbe akawa hana njia tena ya upole. Aliamuru mambo mawili. La kwanza, bustani ya Mnkande ing'olewe. La pili, katika bustani za watu wengine wote, kamba zisifungwe tena shingoni mwa ua bali mdomoni, ua lifumbwe kabisa, asipatikane mwingine wa kulichuma na kulipika. Shekiondo na vijana wake walizunguka vilima vyote. Baada ya hapo bustani za Kwembago hazikuwa na njano. Zilikuwa na majani, na katikati ya majani vifurushi vidogo vilivyofungwa.

Kwa Mnkande walikuja na majembe. Walikwenda moja kwa moja kwenye shina mama, pale mlangoni kwa jiko, wakalichimbua na mizizi yake wakalitupa njiani. Mnkande alisimama kizingitini amembeba Kidala, akawatazama mpaka wakamaliza. Hakulia wala hakuomba. Walipoondoka aliingia ndani, na huko nadhani alilia, maana alikuwa mtu.

Lakini mmea ule ulikuwa na ujeuri wake. Wakati wote ulipokuwa ukitambaa kuelekea njiani, kila kifundo kilichogusa udongo kilikuwa kimeshusha mzizi kimyakimya. Shekiondo hakulijua hilo, wala Mnkande hakulijua. Majani yaliyokuwa karibu na shina yalinyauka. Yale ya mbele yalilegea kidogo, yakafikiri, yakasimama. Asubuhi moja Kidala alitoka nje kwa miguu yake mwenyewe, miguu isiyovimba tena, akamwita mama yake aje aone. Kuanzia katikati ya bustani mpaka njiani, maua yalikuwa wazi, marefu na mafupi, na nyuki wamejaa tele. Mnkande akaenda kutafuta mfuniko alioutupa, akaupasua juu ya jiwe ili asije akashawishika. Kisha akatoa mafiga nje.

Kwa wengine mambo yalikuwa mabaya. Ua lililofumbwa mdomo halikuingiwa na nyuki, na matumbo yale madogo ya kijani yakawa ya njano, yakalainika, yakaoza na kudondoka na kamba zake. Bustani moja baada ya nyingine. Wanawake walikuwa wakiyaokota na kuyatazama kiganjani. Hao ndio waliovumilia miaka yote, wasioonja hata ua moja ili maboga yawepo, na sasa maboga yenyewe yameuawa na mtu aliyesema anayalinda. Siku hiyo hawakuita mkutano. Kila mmoja aliingia kwenye bustani yake mchana kweupe, akaanza kufungua.

Mimea yao ilipopata kupumua ikafuata mwenzao. Ilitoa marefu na mafupi. Na wanawake walikuwa tayari wanajua nini cha kufanya, kwa sababu harufu ya chungu cha Mnkande ilikuwa imewafundisha. Walitoa mafiga nje, mbele ya vizingiti. Walihitaji kitu cha kuwashia moto, na walikuwa nacho mikononi. Kamba ya mgomba iliyokauka inashika moto upesi kuliko nyasi. Wakaziweka kamba za Zumbe chini ya kuni, wakapuliza, na juu wakatia maua. Hakuna aliyefunika. Moshi ulipanda kutoka mlango hata mlango, na Shekiondo alisimama njia panda na kifurushi chake kitupu, asijue aanzie kwa nani. Wanasema mwishowe alikwenda nyumbani kwake, na huko nako chungu kilikuwa nje.

Zumbe alikaa kwake akisubiri mtu aje kuomba msamaha. Hakuja mtu. Alichosikia ni harufu, na ilichukua muda kabla hajatambua kwamba haitoki ng'ambo. Alitoka akazunguka nyumba. Mkewe alikuwa ameinama mbele ya kizingiti, anakoroga chungu kisicho na mfuniko, na pembeni yake kamba moja ilikuwa ikimalizia kuungua.

"Nani amekuruhusu?" Zumbe aliuliza.

Mkewe hakuinua uso. "Kaa ule," alisema. "Yatapoa."

Zumbe alichungulia chunguni. Kisha akakaa.

Hakuna aliyepiga mbiu kutangaza kwamba sheria imekwisha. Mwaka uliofuata kamba hazikuja, basi. Maboga yalikuwa machache, lakini moja lilijaa mikono miwili, na mmea haukudumaa tena. Mnkande hakupewa cheo wala kiti. Alizeeka hapa hapa, na Kidala akazaa watoto, na watoto hao wakazaa, na mimi ni wa ukoo huo, kama ninyi. Msije mkaambiwa na mtu kwamba mnakula chakula cha maskini. Mnakula chakula cha mwanamke aliyekataa.

Na tangu siku hiyo mmea wa boga unatoa maua ya namna mbili, marefu ya chungu na mafupi ya boga, na sisi tunachuma marefu, tunawaachia nyuki machache, na yenye tumbo hatuyagusi. Tangu siku hiyo unashusha mizizi kila kifundo, ukiukata hapa unaamkia pale. Tangu siku hiyo moto wa maua unawashwa kwa kamba ya mgomba, hata kama kuna kiberiti, na chungu chake kinapikwa mlangoni, wazi, apitaye aone.

Kwa hiyo mfuniko huo, Mwanahawa, funikia maji. Sasa tia karanga, koroga. Na mlango huo nani kaurudisha? Ufungueni wote.